TULISOME DAFTARI LA MBUGA YETU YA BAHARI

(Maneno yaliyosemwa na wajumbe wa Chama barazani Mkwiro, Kisiwa cha Wasini. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wanachama wa Shimoni, Msambweni na Diani ambao hawakupata kuvuka siku ile.)



Twawashukuru kwanza kwa kuacha kazi zenu na kuja kutusikiliza. Twajua leo ni bamvua. Maji yakikauka kina mama wana mwani wao wa kuangalia, na wengine wana pweza wao mwambani. Kila aliyekuja kukaa chini ya paa hili amepoteza kitu. Kwa hiyo hatutapamba maneno. Tumekuja kwa jambo moja tu, nalo ni daftari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaisema madukani na katika vyama vyetu vya akiba, lakini hatujaisema kwa habari ya bahari. Hapo mbele yetu, kusini mwa kisiwa hiki, iko Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Kisite, na kando yake Hifadhi ya Mpunguti. Mahali pale pana mapato, pana matumizi, pana vyombo, pana wafanyakazi. Hesabu zake huingia kila mwaka katika hesabu kubwa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo sote twaliita KWS, na hesabu hiyo hukaguliwa na kupelekwa Bungeni. Basi tuulizane kwa haki: ni nani kati yetu aliyepata kuisoma? Tuliulizana sisi wenyewe katika kamati kabla ya kuja huku. Hakuna aliyeinua mkono. Aibu hii si yenu peke yenu, ni yetu sote, na leo twataka kuanza kuiondoa.

TULIFIKAJE HAPA

Mbuga yetu ilitangazwa kwanza mwaka 1973. Mwaka 1978 ikatangazwa upya: Kisite ikawa mbuga ya taifa yenye kilomita 28 za mraba, ambamo hakuna ruhusa ya kuvua hata samaki mmoja, Mpunguti ikawa hifadhi yenye kilomita 11 za mraba, ambamo uvuvi wa asili unaruhusiwa. Wazee waliopo hapa hawana haja ya kuelezwa maana ya kilomita 28. Wao wayajua mafungu na vipwa vyake kwa majina, na wajua ni nani alikuwa akitega malema wapi.

Siku zile mwenye mbuga alikuwa Serikali yenyewe. Mwaka 1976 Idara ya Wanyama ya zamani iliunganishwa na Mbuga za Taifa, ikawa idara moja chini ya wizara. Idara ile ilikuwa na shida ambayo kila mfanyakazi ataielewa. Fedha za viingilio zilikwenda Hazina, nayo ikakaa kungoja fungu lake kama mtoto anayengoja kupakuliwa. Magari yakasimama, askari wakakosa vifaa, majangili wakaua ndovu kwa maelfu. Ndipo mwaka 1989 sheria ikabadilishwa, na mwaka 1990 KWS ikaanza kazi kama shirika la umma lenye uwezo wa kuweka mapato yake na kuyatumia.

Leo shirika hilo lina mbuga nne za taifa za bahari, yaani Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, na hifadhi sita za bahari, yaani Kiunga, Malindi, Watamu, Mombasa, Diani-Chale na Mpunguti. Hizi zote ziko katika daftari moja na simba wa Nairobi na ndovu wa Tsavo. Ndiyo maana mtu wa Mkwiro akitaka kujua habari ya Kisite hana budi kujifunza kulifungua daftari lote. Lina mambo mengi, lakini kwa mfanyakazi yatosha kuligawa sehemu tatu: fedha, mali, na watu.

SEHEMU YA KWANZA: FEDHA

Mwaka wa hesabu wa Serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Ziangalieni tarehe hizo. Sisi watu wa pwani ya kusini mwaka wetu wa kazi ni mwaka wa pepo. Kusi likivuma kwa nguvu, wageni hupungua na boti nyingi hupandishwa pwani. Kaskazi likiingia, kazi hurudi. Basi mwaka wa Serikali hufungwa na kufunguliwa katikati ya njaa yetu. Mtu wa ofisini akiandika kwamba mwaka ulikuwa mzuri, amejumlisha miezi yote kumi na miwili. Baharia wa boti hali chakula kwa jumla. Yeye hula mwezi kwa mwezi.

Fedha za shirika huingia kwa mifereji mitatu mikubwa. Mfereji wa kwanza ni viingilio vya wageni na malipo mengine ya mbugani. Wa pili ni fedha za Serikali kutoka Hazina. Wa tatu ni misaada ya wafadhili. Ukilifungua daftari, tafuta mifereji hii kwanza, uone upi umejaa na upi umekauka, kisha linganisha na mwaka uliotangulia, maana tarakimu moja peke yake haisemi kitu.

Mfereji wa viingilio ndio unaotuhusu zaidi, kwa kuwa sisi ndio tunaowapeleka wageni. Nao hukauka ghafula. Agosti 1997 yalipozuka machafuko ya Likoni, watalii waliikimbia pwani hii, na watu wa hoteli za Diani wakarudi makwao. Mwaka 2014 Uingereza na nchi nyingine ziliwaonya watu wao wasije sehemu kadha za pwani, na hoteli zikafunga milango. Machi 2020 ukaja ugonjwa wa korona: ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, hazikurudi mpaka Agosti. Katika kila mara ya hizo, hakuna aliyekosea kazi yake hapa. Nahodha alikuwa nahodha yule yule, na pomboo walikuwa mahali pao. Lakini fedha hazikuja.

Sasa sikilizeni namna upungufu unavyofanya kazi. Huu ni mfano wa kutunga, si hesabu ya mtu. Tuseme kituo kimepata shilingi 100. Shilingi 60 ni mishahara ya walioandikwa. Shilingi 25 ni umeme, bima, na madeni ambayo lazima yalipwe. Shilingi 15 zilizobaki ni mafuta ya boti, matengenezo ya mashine, na ujira wa vibarua. Mwaka wa pili zikaingia shilingi 85. Mishahara haikupungua, ni 60. Madeni hayakupungua, ni 25. Jumla ni 85, na sanduku ni tupu. Mapato yamepungua shilingi 15 tu katika 100, lakini mafuta yamekwisha yote, mashine haitengenezwi, na vibarua wameambiwa wasije kesho.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye jambo. Mtu akisoma kwamba mapato yameshuka kwa sehemu ndogo atadhani maumivu nayo ni madogo. Sivyo. Maumivu yote huangukia mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale asipokuwapo mtu wa kusema. Boti ya doria ikikosa mafuta, mwenye juya ndiye anayefurahi. Atakokota mwambani usiku, atavunja matumbawe na kuzoa vitoto vya samaki, na hasara ataipata mvuvi wa mshipi wa Mkwiro ambaye hakuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo tusidhani kwamba mbuga ikikosa fedha sisi tumepata uhuru. Mbuga iliyokosa fedha hutuumiza mara mbili: kilomita 28 zimefungwa kwetu, tena hazilindwi.

Liko neno la pili juu ya fedha, nalo ni mgawanyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mkurugenzi wa kwanza wa KWS, Bwana Richard Leakey, alitangaza kwamba robo ya fedha za viingilio itagawiwa wananchi wanaokaa karibu na mbuga. Ahadi ile haikutimia kama ilivyosemwa. Haikuwa kwa sababu ya hila tu. Shirika halikuwa na fedha za kutosha kulipa gharama zake na kugawa robo pia. Hata hivyo ahadi iliyotolewa mbele ya watu bila hesabu ni mzigo, maana watu huikumbuka miaka thelathini baadaye.

Mwaka 2001 wataalamu wawili, Lucy Emerton na Yemi Tessema, walitoa uchunguzi chini ya Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, na uchunguzi wenyewe ulikuwa juu ya Kisite na Mpunguti hasa. Maana yake kwa ufupi ni hii: kwa upande wa shirika, mbuga iliweza kujilipia, kwa upande wa wavuvi wa karibu, faida waliyoipata haikufikia hasara ya kukatazwa kuvua. Haya hayakusemwa na mtu wa siasa. Yalisemwa na watu wa hesabu, tena watu wanaopenda hifadhi. Nao walionya kwamba hifadhi ambayo jirani yake haipati faida haitadumu.

SEHEMU YA PILI: MALI

Sehemu ya mali ina orodha ya vitu: majengo, magari, boti, mashine, vyombo vya ofisi. Kila kitu kina bei yake ya kununuliwa, na kila mwaka bei hiyo hupunguzwa kwa sababu ya uchakavu. Tutoe mfano mwingine. Boti imenunuliwa kwa Sh. 4,000,000 na imekadiriwa kuishi miaka 10. Kila mwaka daftari litapunguza Sh. 400,000. Baada ya miaka 10, daftari litasema boti haina thamani. Yawezekana bado inakwenda vizuri, kwa sababu fundi wa Shimoni ameitunza. Na yawezekana kinyume chake: daftari lasema boti ina thamani ya milioni mbili, na boti yenyewe iko juu ya mchanga haina mashine. Kwa hiyo ukisoma mali, usiulize bei tu. Uliza, je, inaelea?

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye huuliza maswali ya namna hiyo. Ziko hukumu nne anazoweza kutoa. Ya kwanza ni kwamba hesabu ni safi. Ya pili, hesabu ni sawa isipokuwa mambo kadha anayoyataja. Ya tatu, hesabu haziaminiki. Ya nne, amekosa vitabu na hati za kutosha hata hawezi kusema lolote. Ukishika taarifa ya shirika lolote la umma, anza na ukurasa huo wa mkaguzi kabla ya picha na salamu za wakubwa. Humo mna maneno yaliyo wazi zaidi kuliko mahali pengine popote.

Lakini mali iliyo kubwa kuliko zote haimo katika orodha. Kanuni za hesabu hazijazoea kuupa mwamba bei. Mgeni hakutoka Ulaya kuja kuona jengo la ofisi Shimoni. Amekuja kuona matumbawe, kasa na pomboo. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Mahali pengine yalikufa zaidi ya nusu. Wavuvi waliyaona kwa macho yao. Ingekuwa ni boti zimezama kwa kiasi hicho, daftari lingeandika hasara kubwa na watu wangeitwa kujieleza. Kwa kuwa ni mwamba uliokufa, hapakuwa na mstari wa kuandika. Joto hilo limerudi katika miaka mingine baadaye, na litarudi tena. Basi sisi twasema: kama mwamba hauwezi kupewa bei, na uandikwe kwa maneno. Kila taarifa ya mwaka na iseme, mwamba wa Kisite mwaka jana ulikuwa hivi, mwaka huu uko hivi.

Tena iko mali ya karatasi. Hifadhi ya Diani-Chale ilitangazwa mwaka 1995. Wavuvi wa huko walikataa, kwa sababu waliona mipaka imeamuliwa kabla wao hawajaulizwa, na kwa miaka mingi hifadhi ile ikabaki katika Gazeti la Serikali lakini si baharini. Katika hesabu ya hifadhi sita, yenyewe ni moja. Mtu wa mbali akihesabu atasema sita. Mtu wa Diani akihesabu atacheka. Somo la Diani ni kwamba eneo lisilokubaliwa na watu wake si mali, hata likiandikwa kwa wino mwekundu.

SEHEMU YA TATU: WATU

Hapa, ndugu, ndipo penye kazi ya chama cha wafanyakazi hasa. Katika taarifa ya mwaka shirika huandika idadi ya wafanyakazi na jumla ya mishahara. Mtu hugawanya moja kwa nyingine, akasema, kumbe wanalipwa vizuri. Hesabu hiyo ni ya kudanganya. Ukichanganya mshahara wa mkubwa wa Nairobi na ujira wa mpika chai, ukagawa kwa wawili, utapata mtu wa tatu ambaye hayupo.

Sisi twataka idadi iandikwe kwa mafungu. Fungu la kwanza, walioandikwa kazi ya kudumu, askari na raia mbalimbali. Fungu la pili, walio na mkataba wa muda. Fungu la tatu, vibarua. Na kila fungu lisemwe limekaa wapi: makao makuu, au kituoni. Maana mbuga hailindwi na idadi. Hulindwa na mtu aliye juu ya maji saa nane za usiku.

Askari wa mbuga si adui zetu. Twalisema hili kwa sauti kwa sababu twajua maneno yanayosemwa pwani. Askari ni mfanyakazi aliyetumwa. Hakuchora yeye mpaka, wala hagawi yeye fedha. Akitoka doria katika kusi na mashine mbovu, na mkewe yuko mbali, shida yake ni shida ya kazi kama shida ya baharia wetu. Twataka nyumba yake isivuje, koti lake la kuokolea maisha liwe zima, na posho yake ifike kwa wakati. Mtu aliyeridhika husema na mvuvi kwa adabu, na asiyeridhika humalizia hasira yake juu ya ngalawa ya maskini.

Kwa vibarua, sheria ipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi hawi tena kibarua wa siku. Mkataba wake hugeuka, na hustahili kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Nayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na hali njema ya kazi. Wako watu pwani hii waliofagia na kupaka rangi mwaka mzima wakiitwa vibarua wa siku. Tusimtaje mwajiri hapa. Waliopatwa na jambo hilo waje kwa katibu na siku walizoziandika. Aliyeandika siku zake ana kesi. Asiyeandika ana hadithi.

Tena wako watu wasio katika fungu lolote: manahodha na mabaharia wa boti za wageni, wapishi wa vyakula vya baharini, kina mama wa mwani, na wanakamati wa BMU wanaolinda bandari ya kijiji bila mshahara. Mwaka 2020 Serikali ilipotoa fedha za kusaidia utalii na wanyamapori, ilitangaza kwamba walinzi 5,500 wa vijiji wataajiriwa chini ya KWS na kulipwa. Jambo hili lilitufundisha neno moja kubwa: kumbe yawezekana. Mtu aliyekuwa nje ya daftari anaweza kuingizwa ndani, zikipatikana fedha na nia.

MASWALI YA BARAZANI

Hapa mzee mmoja alisimama akasema: "Wanangu, mwamba ulichukuliwa sisi tukiwa vijana. Daftari la Nairobi litanirudishia nini?"

Tulimjibu hivi. Mzee wetu, daftari halirudishi mwamba. Lakini mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na Tom Mboya akaenda kuwasemea. Hasira walikuwa nayo tayari, tena ya kutosha. Alichowaongezea ni hesabu: bei ya chakula, kodi ya nyumba, ujira wa siku. Baraza la usuluhishi lilipokwisha kusikia likawapa nyongeza ya asilimia 33. Mwenye mamlaka aweza kuisubiri hasira ipoe, lakini hesabu haipoi. Ukiwa na tarakimu yake mwenyewe mkononi, iliyotiwa sahihi na yeye mwenyewe, lazima akujibu.

Mzee akasema, "Basi isomeni kwa lugha yetu." Hilo tumelikubali.

Mama mmoja akauliza: "Na sisi wa mwani tumo katika hesabu hiyo?" Tulimwambia kweli: hamumo, maana mwani si kazi ya shirika hilo. Lakini bahari ni moja. Maji yakichafuka au yakipata moto, mwani hufa kabla ya mtu wa ofisini kupata habari. Kwa hiyo swali la hali ya bahari ni lenu pia, na mmoja wenu lazima awe katika kamati itakayoandika barua.

TUFANYE NINI

Kuuliza kumefanywa kuwa haki. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia ruhusa ya kuomba habari kwa shirika la umma. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa ni wajibu wake kuyaandika. Huna haja ya kueleza sababu ya kutaka kujua. Ombi halina ada, isipokuwa gharama ya kunakili karatasi. Jibu lapasa kutoka katika siku 21. Likikataliwa, yuko mpatanishi wa malalamiko, yaani Tume ya Haki ya Utawala, nawe waweza kupeleka shauri lako huko.

Tena mziangalie tarehe. Mwaka ukifungwa 30 Juni, shirika lapasa kupeleka hesabu kwa Mkaguzi Mkuu kabla ya mwisho wa Septemba. Mkaguzi apasa kumaliza kabla ya mwisho wa Desemba. Baada ya kupokea taarifa, Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili. Kwa hiyo barua yetu ikienda mwezi wa Julai itakuta watu bado wanajumlisha. Ikienda mwezi wa Januari itakuta kazi imekwisha, na mjumbe wetu wa Bunge bado ana nafasi ya kusimama na kuuliza.

Twapendekeza barua moja yenye maswali matatu tu, kwa sababu maswali kumi hupata majibu mabaya kumi.

La kwanza: katika mwaka uliofungwa, Kisite na Mpunguti zilikusanya shilingi ngapi, na kituo cha Shimoni kilipewa shilingi ngapi kutumia, na katika hizo ngapi zilikuwa za mafuta na matengenezo ya boti? Siku hizi kiingilio hulipwa kwa eCitizen, hakihesabiwi tena noti kwa noti Shimoni, kwa hiyo tarakimu hii ipo na haihitaji kutafutwa masanduku.

La pili: kituo kina boti na mashine ngapi katika orodha, na ngapi zilikuwa zikielea na kufanya kazi tarehe 30 Juni?

La tatu: kina wafanyakazi wangapi wa kudumu, wa mkataba, na vibarua, na ni wangapi kati yao waliotoka vijiji vya Wasini, Nyuma Maji, Mkwiro na Shimoni?

Hatukuweka humo dai la robo wala la kufunguliwa mpaka. Si kwamba tumeyasahau. Tukipata majibu matatu haya tutajua la kudai, kwa kiasi gani, na kwa nani. Anayedai kabla hajajua hupewa ahadi, na ahadi tunazo za kutosha.

Neno la mwisho ni gumu kidogo, nalo latuhusu sisi viongozi. Baharia mmoja kijana alituuliza njiani, tulipokuwa tukivuka kutoka Shimoni: "Mwaitaka hesabu ya KWS. Ya Chama iko wapi?" Tulinyamaza mpaka tukafika. Sheria yataka kila chama cha wafanyakazi kipeleke hesabu zake kwa Msajili kila mwaka, lakini kupeleka kwa Msajili si kuwasomea wanachama. Kijana yule ana haki. Basi tumekubaliana hivi: kabla barua ya maswali matatu haijatiwa sahihi, mweka hazina wa tawi atakuja hapa hapa na daftari la Chama. Atasoma ada zilizoingia, nauli zilizotumika, pamoja na nauli ya leo, na vitu tulivyo navyo. Vitu vyenyewe si vingi: meza moja, viti sita, na mashine hii ya kuchapia inayotia wino pasipotakiwa.

Mtakapokwisha kutuuliza sisi, tutakwenda pamoja kuwauliza wao.

Kina mama, maji yameanza kujaa. Tumewachelewesha, mtuwie radhi. Barua itaandikwa kwa Kiswahili, itasomwa hapa kabla ya kupelekwa, na jibu lake litachapwa katika karatasi hii, liwe zuri au baya. Likikosekana jibu katika siku 21, hilo nalo tutalichapa.